Posho, meka na «gong unique»: namna jamaa za Lubumbashi zilivyopanga chakula

Miaka michache iliyopita, katika mkutano wa wazazi kwenye masomo tunamofundisha, alialikwa mgeni mmoja kusema juu ya kutunza feza ya nyumba. Alichora ubaoni jedwali la siku saba, akaandika siku kwa siku chakula cha asubuhi, cha saa sita na cha mangaribi. Kisha akaeleza: mama wa nyumba aandike kwanza kile jamaa itakula juma lote, ahesabu bei, aende sokoni mara moja tu, wala asinunue kitu ambacho hakikuandikwa. Mafundisho yalikuwa mazuri na wengi wetu tuliyanakili. Ndipo mama mmoja, anayeuza mboga kando ya njia, aliposimama na kusema: «Mwalimu, ile kintu ni muzuri sana. Lakini feza ya poso muzima nitaikamata wapi? Bwana yangu anaachaka ya leo tu, na siku ingine hapana hata makuta.» Watu walicheka. Mgeni akacheka pia, akapita kwenye jambo lingine.

Sisi nasi tulicheka, lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani. Tunafundisha historia tangu tulipotoka ISP, na tunajua kwamba katika mji huu huu wa Lubumbashi kulikuwa wakati ambapo maelfu ya jamaa walipanga chakula kwa juma zima bila kuchora jedwali lolote. Je, wamama wa leo wamepoteza akili ya mama zao, ao kitu kingine ndicho kilichobadilika?

Siku ya posho

Jibu la kwanza limo katika lugha yetu. Kwetu, siku ambayo watu wa Tanzania wanaiita Jumamosi inaitwa siku ya posho. Na katika maneno ya kila siku, poso ni juma lenyewe: «poso yenye ilipita», «poso yenye iko nakuya». Hata ndugu zetu wa Kinshasa, katika Lingala yao, juma wanaliita poso. Neno lilitoka mashariki. Katika misafara ya karne ya 19, posho ilikuwa chakula walichogawiwa wapagazi njiani. Wakubwa wa migodi walilikuta neno tayari wakalitumia. Basi kwa mkaaji wa kambi, juma lilikuwa zaidi ya siku saba za kalenda: lilikuwa ni urefu wa wakati ambao chakula ulichopimiwa kilipaswa kukufikisha.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji wa Élisabethville ulianza mwaka 1910, mwaka ule ule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika hapa. Mwaka huo pia iliundwa Bourse du Travail du Katanga, iliyokuwa na kazi ya kutafuta wanaume katika vijiji vya mbali na kuwaleta migodini. Mwanaume aliyeletwa hivyo aliacha nyuma shamba la mama yake na la mke wake. Kandokando ya mji hakukuwa na mashamba ya kutosha kulisha umati ule, kwa hiyo bunga ilipakiwa kwenye treni kutoka kusini. Msomaji aliweke jambo hili akilini, tutalirudia: tangu kuzaliwa kwake, mji wetu unategemea mahindi ya ng'ambo ya mpaka.

Wafanyakazi wa kwanza walikaa bila wake, kwa kontra fupi, wakipika kwa vikundi baada ya kazi. Vifo vilikuwa vingi, na waliokimbia walikuwa wengi pia. Kuanzia karibu mwaka 1928, Union Minière iligeuza siasa yake. Mfanyakazi aje na mke, akae miaka, azae kambini. Hapo posho ikawa ya jamaa: bunga, maharagi, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, chumvi. Watoto wachanga walipelekwa kwenye «goutte de lait», wapimwe na wanyweshwe maziwa mbele ya macho ya wauguzi. Dokta Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi weusi wa kompani, hakuficha shabaha: jamaa iliyolishwa vizuri inatoa mfanyakazi mwenye nguvu leo, na mtoto wake kesho.

Tuseme wazi, maana wazee wetu wakati mwingine wanapenda kusifu kupita kiasi: haukuwa ukarimu. Posho ilikuwa sehemu ya mshahara iliyolipwa kwa vitu, na yule aliyeshika ufunguo wa ghala alimshika mfanyakazi mkono. Mpango wenyewe ulifanywa ofisini. Mama wa nyumba alipanga tu ndani ya kile alichopimiwa. Na chakula hicho hakikuzuia hasira. Wakati wa vita vya pili vya dunia bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki nyuma. Katika Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na tarehe 9 mwezi huo askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Kati ya waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Wale waliofikiri kwamba mtu wa kambi hana haja ya kitu kwa sababu anakula posho walipata jibu siku ile. Mtu anakula, ndiyo, lakini mke wake anataka kitambaa na sabuni, na mzazi wake kule kijijini anangojea kitu.

Katika miaka iliyofuata, «foyers sociaux» ziliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kuosha mtoto, kupika na kutunza feza ya mwezi. Mama mkubwa mmoja alitusimulia kwamba alijifunza huko kutengeneza gato, wakati nyumbani alikuwa na mbabula moja tu. Lakini alituambia pia kwamba ni huko alipozoea kugawa feza katika bahasha: ya mboga, ya makala, ya mgonjwa. Bahasha ya mgonjwa haikuguswa hata siku ya sikukuu.

Kijiti cha mama

Sisi tulikulia katika miaka ya 1980, katika nyumba ya mfanyakazi. Posho ya kila juma ilikuwa imekwisha kuwa hadithi ya wakubwa, lakini bunga ilikuwa bado inafika kila mwezi kwa mfuko, na jina lilibaki. Siku ile mama aliimwaga katika pipa safi, akaisawazisha kwa mkono, akachomeka kijiti. Kijiti kilikuwa na alama nne zilizokatwa kwa kisu. Kila siku ya posho alikiingiza tena mpaka chini na kuangalia. Kama bunga ilikuwa imeshuka chini ya alama yake, hakugombana na mtu. Kesho yake asubuhi tulikula viazi vitamu, na bukari ya mangaribi ilichanganywa na bunga ya muhogo, ambayo inakaa tumboni muda mrefu zaidi. Kama bunga ilikuwa juu ya alama, tulijua kwamba siku ya yenga hata mgeni akija atakaribishwa vizuri.

Mboga zilikuwa na zamu yake: sombe, matembele, lengalenga, maharagi, kapenta. Nyama ilifuata mshahara, haikufuata hamu yetu. Mama hakusoma zaidi ya mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Hakuandika kitu. Lakini tukilinganisha kijiti chake na jedwali la mgeni wetu, tunaona kazi ni ile ile, na labda kijiti kilikuwa na faida moja zaidi: kilipima kile kilichobaki, wakati jedwali linaonyesha tu kile kinachotamaniwa.

Kisha mambo yaligeuka kwa haraka. Katika Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ulibomoka. Uporaji wa 1991 na ule wa 1993 ulimaliza maduka na viwanda. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50.000 mwaka 1993. Kambi zilizozoea kungojea mfuko zikangojea bila kuona kitu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya watu hao mwaka 2001, na jina lake linasema yote: Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba ndiye kompani.

Feza yenyewe iliugua. Katika Oktoba 1993 serikali ilileta zaïre mpya, na moja yake ilikuwa sawa na zaïre za zamani 3.000.000. Wale waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka namna bei ya asubuhi haikuwa bei ya mangaribi. Fikiri sasa mama mwenye bahasha zake. Feza aliyoiweka siku ya kwanza kwa ajili ya siku ya nne, ikifika siku ya nne hainunui tena kile chote alichokusudia. Yule aliyetii mafundisho ya «foyer» alipoteza, na yule aliyetumia yote siku ile ile aliokoa kidogo. Mwenye nyingi alinunua mifuko. Mwenye kidogo alinunua meka, kisha akashuka mpaka kopo. Kwa hiyo desturi ya kununua chakula cha siku kwa siku, ambayo leo tunawalaumu nayo wamama, ilikuwa hesabu sahihi ya wakati ule.

Ni wakati huo pia ambapo maneno mapya yaliingia jikoni. «Gong unique» zamani ilikuwa jambo la ofisi: kengele moja, kazi bila kurudi nyumbani saa sita. Jamaa zililichukua neno kwa kutaja mlo mmoja kwa siku. Kinshasa walikwenda mbali zaidi na kusema «délestage», kama umeme unaokatwa mtaa huu ili uwashwe mtaa ule: leo wanakula watoto, kesho wakubwa. Watu wa nje wanasikia mzaha. Sisi walimu tunaona maana yake kwenye saa ya tano ya masomo, mwanafunzi anapolaza kichwa juu ya daftari, na unajua kwamba si uvivu.

Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka katika ile iliyoitwa «départs volontaires», kwa feza iliyotolewa na Benki ya Dunia. Wengi wao walikuwa na arieri za miezi mingi. Mtu ambaye maisha yake yote alipangiwa chakula na kompani alipewa kwa siku moja feza ambayo hakuwahi kuishika, na mara nyingi mpango wa kwanza alioufanya peke yake ulikuwa ndio wa mwisho.

Hesabu ya meka

Turudi kwa mama wa mkutano. Tulichukua swali lake tukalipeleka darasani. Tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa nne waandike, mwezi mmoja, bunga inayonunuliwa kwao: kwa mfuko, kwa meka ao kwa kopo, na bei. Walileta daftari zao na tukahesabu pamoja. Jamaa zilizonunua kwa meka kila siku zilikuwa zimelipa bei ya mfuko mzima na sehemu nzuri ya mfuko wa pili, kwa bunga ambayo haikuzidi mfuko mmoja. Wanafunzi walishangaa, halafu walikasirika. Mmoja alisema muuzaji anapiga chini ya meka kwa nyundo ili ipungue ndani. Hilo lipo, tumeliona sokoni. Lakini hata muuzaji mwaminifu lazima apate chakula chake katika kila meka, na tena anayemletea mfuko alipata chake. Kwa hiyo maskini analipa mikono yote iliyogusa bunga kabla yake. Hajui kidogo kupanga kuliko tajiri. Ananunua kitu kile kile kwa bei kubwa zaidi.

Na bunga siyo peke yake. Tuchukue maharagi, ambayo kila mshauri anayasifu kwamba ni nyama ya maskini. Ni kweli, lakini yanakula makala. Mama anayenunua makala kwa kisashe kidogo anaweza kutumia kwa kuyaivisha karibu sawa na bei ya maharagi yenyewe. Wanaojua wanayalowesha usiku kucha, wanamwaga yale maji, wanapika chungu kikubwa cha siku mbili, na wanafunika mbabula moto unapopungua. Wengine wanaweka maharagi siku moja na kazi nyingine ya moto, kama kupiga pasi ao kuchemsha maji ya kuoga. Jambo kama hili halionekani katika jedwali lolote la siku saba, na ndilo linaloamua kama feza itatosha.

Halafu kuna majira. Kwetu mvua inaanza karibu Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mahindi mapya yanaanza kuvunwa Machi na Aprili, na kwa kawaida bei inatulia toka Mei. Toka Desemba mpaka Februari shamba linakula jasho tu bila kutoa kitu, na bei inapanda. Mwenye uwezo ananunua mahindi ya punje wakati wa kiangazi, anayakausha vizuri, anayatunza mbali na wadudu, na kuyapeleka kinuni kidogo kidogo. Pumba zinabaki kwa kuku. Uyoga unakaushwa wakati wa mvua, majani ya muhogo hayakatiki mwaka mzima. Bibi zetu walipanga kwa mwaka, mama zetu kwa mwezi na juma, sisi kwa siku. Kila mmoja alipanga kwa urefu wa ghala lake.

Lakini hata anayepanga kwa mwaka anashikwa na mpaka. Tulisema mji ulizaliwa ukila mahindi ya kusini. Hilo halijaisha. Gavana Moïse Katumbi, aliyechaguliwa mwaka 2007 wakati Katanga ilikuwa bado jimbo moja, alizitaka kompani za migodi zilime kila moja hektari 500 za mahindi. Ilikuwa fikra nzuri, kwa vile ilirudisha kwa kompani sehemu ya kazi ya zamani, ingawa mchimba shaba si lazima awe mkulima mzuri. Mwaka 2023 Zambia ilipobana mahindi yake, bei ya bunga Lubumbashi iliruka mpaka watu wakashindwa. Katika Februari 2024 ukame uliifanya Zambia itangaze msiba wa kitaifa, na hapa kwetu wamama walijua habari hiyo kwenye meka kabla ya kuisikia kwenye redio.

Kuna kitu kimoja ambacho daftari za wanafunzi hazikuonyesha, na tulikiona kwa sababu msichana mmoja alikisema bila kuulizwa. Katika jamaa nyingi sahani inayopungua kwanza ni ya mama. Anagawa, watoto wanakula, na yeye anasema: «Nilisha kukula ku soko.» Wakati mwingine ni kweli. Tulipomuuliza mama yetu, ambaye sasa ni mzee, kama alikuwa anafanya hivyo miaka ile ya tisini, alitazama pembeni na kuuliza kwa nini tunataka kuandika mambo ya namna hiyo.

Yule muuza mboga tulimtafuta tena. Hakuwa amengoja jibu letu. Yeye na wenzake wanne wamefanya likelemba, lakini si ya feza: ni ya bunga. Kila siku jioni kila mmoja anatoa kiasi kidogo kutoka mauzo yake, na kila siku ya posho unanunuliwa mfuko mmoja wa kilo 25 kwa mwenye zamu. Mwanzoni feza iliwekwa kwa mama mmoja, naye alihama mtaa usiku nayo. Tangu siku hiyo wanaipeleka moja kwa moja kwa mwenye duka la mifuko, anayeandika katika daftari yao na yake. Mfuko mmoja kila juma la tano hautoshi kulisha nyumba ya watu saba, walikubali wenyewe. Lakini siku ambazo mfuko upo, feza ya meka inabaki mkononi, na sehemu yake inaingia tena katika likelemba. Sasa wanafikiri kuongeza mfuko wa pili.

Alituomba tumchoree daftari mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imelowa na mvua. Tulichora mistari, tukaandika majina matano badala ya siku saba. Jina lake ni la tatu. Mfuko wake unafika siku ya posho ijayo, na alituambia ametafuta kijiti.